Maswali ya Wasomaji: Kuhamisha Tangi la Samaki Bila Kupoteza Samaki

Barua za safari hii zinatoka Mwanza na kandokando ya Ziwa Victoria, na karibu zote zinauliza jambo moja: nyumba inahamwa, tangi la samaki sebuleni lihamishwe vipi? Tumejibu tano. Ya kwanza tumeijibu kwa urefu kwa sababu ndiyo inayobeba msingi wa nyingine zote.

SWALI: Nina tangi la kioo la sentimita 90 kwa 45 kwa 45, lina furu kumi na wawili na gogogo wawili. Nahama kutoka Nyakato kwenda Buswelu. Fundi aliyenitengenezea anasema nipunguze maji yafike nusu, kisha vijana wanne walibebe lilivyo, samaki na mawe humo humo, walipandishe kwenye kirikuu. Ni salama? — *Msomaji, Nyakato*

JIBU: Hapana, ndugu yetu, usikubali. Tangi lako likijazwa hadi sentimita 40 linabeba lita 162 hivi, na kila lita ya maji ni kilo moja. Nusu yake ni kilo 80. Weka na changarawe, ambayo kwa kina cha sentimita 5 ni kama kilo 30, kioo kilo 30 na zaidi kikiwa cha milimita 8, kisha mawe. Vijana wako watakuwa wamenyanyua kilo 150 au zaidi, na watu wanne hawanyanyui kwa pamoja hata wakihesabu moja, mbili, tatu. Kona moja ikitangulia, tangi linajipinda kidogo, na kwa kuwa kioo hakikubali kupinda, nguvu yote inaishia kwenye gundi ya silikoni. Mara nyingi halipasuki pale pale. Gundi inaachia polepole, na siku chache baadaye unakuta unyevu kwenye kona, au unaamka usiku sebule imejaa maji. Ndani ya gari hali ni mbaya zaidi: dereva akikanyaga breki, maji yote yanakimbilia kioo cha mbele na mawe yanawalalia samaki. Tangi lisafirishwe tupu, hata kama safari ni ya dakika kumi.

Sasa kuna kitu ambacho wengi hukisahau wakishughulika na samaki. Kwenye sponji za filta, juu ya changarawe na kwenye mawe wanaishi bakteria wanaogeuza amonia, ile sumu inayotoka kwenye matamvua na kinyesi cha samaki, kuwa nitriti, na nitriti kuwa nitrati isiyo na madhara makubwa. Ndani ya maji yenyewe wamo wachache sana. Ukiwafikisha Buswelu wakiwa hai, tangi lako litaendelea kama halijahama. Wakifa njiani, samaki watafika salama halafu waanze kuugua siku ya pili au ya tatu, nawe utadhani wamechoshwa na safari.

Anza siku mbili kabla. Acha kuwalisha saa 24 hadi 48 kabla ya safari. Samaki mzima mwenye afya hadhuriki kwa siku mbili bila chakula, na mwenye tumbo tupu hachafui ndoo. Kule unakohamia, siku moja kabla, kinga lita 80 za maji kwenye ndoo zilizo wazi ili klorini iondoke. Yakae saa 24, na ukiweza weka pampu ya hewa iyachemue. Kama huna muda, tumia dawa ya kuondoa klorini inayouzwa na wauza samaki wa mapambo, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Ndoo ziwe mpya au zile ambazo hazijawahi kuona sabuni. Na uwe makini na maji ya tangi la akiba lililoko juu ya nyumba: mchana wa jua yanaweza kuvuka nyuzi 30, wakati samaki wako wapo kwenye 25 au 26. Yapime kwa kipimajoto. Tofauti isizidi nyuzi 2.

Siku yenyewe anza alfajiri. Kazi nzima, kuanzia kuchomoa waya hadi samaki kurudi kwenye tangi, huchukua saa nne au tano, na jua la saa sita juu ya ndoo iliyofunikwa ni hatari tosha. Zima umeme wote kwanza. Kama unatumia hita, iache ndani ya maji nusu saa baada ya kuizima. Ikitoka ya moto kwenye hewa, kioo chake hupasuka.

Vuta maji kwa mpira, usinyonye kwa mdomo. Kinga lita 80 za mwanzo, zile za juu zilizo safi, kwenye ndoo sita za lita 20 zenye mifuniko, kila moja usiijaze kabisa ili isimwagike njiani. Haya utayarudisha. Hayana bakteria wengi, lakini yana pH (kipimo cha ukali wa asidi au alkali ya maji) na chumvi zile zile walizozizoea samaki, kwa hiyo hawatashtuka. Chota pia maji ya kujaza nusu ya kila ndoo ya samaki. Yanayobaki chini, yenye uchafu, usiyabebe.

Maji yakibaki kama sentimita 15, toa mawe yote, moja moja, kwa mikono miwili. Hapo ndipo uwakamate samaki. Ukianza kukimbiza furu kwa wavu huku mawe yamo, utawachosha, utavunja kitu, na bado hutawapata. Tumia nyavu mbili, moja ikae tuli na nyingine imsukume samaki taratibu kuelekea kule.

Kwa furu wa sentimita 8 hadi 10, weka watatu kwenye ndoo ya lita 20 yenye maji lita 10. Nusu ya ndoo iliyobaki ni hewa, na hewa hiyo ina kazi. Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kwa mwinuko huo maji hushika oksijeni pungufu kwa zaidi ya asilimia 10 ukilinganisha na Dar es Salaam au Tanga. Kwa hiyo vipimo vya kujaza samaki vinavyoandikwa na watu wa pwani vipunguze. Toboa matundu machache kwenye mfuniko, na pampu ndogo ya hewa ya betri ukiipata, iweke. Dume mbabe mtenge kwenye ndoo yake, maana kwenye lita kumi wenzake hawana pa kukimbilia. Gogogo nao wawe peke yao, na usiwatie kwenye mfuko wa nailoni kabisa: miiba ya mapezi yao hujifunga ikiwa imesimama, hutoboa mfuko na hunasa kwenye wavu. Wakamate kwa jagi au bakuli.

Filta ndiyo inayohitaji uangalizi kuliko samaki. Usiioshe siku hiyo. Kama ni ya kopo, ile ya nje inayofungwa, usiisafirishe ikiwa imefungwa na maji ndani. Bakteria hao wanavuta oksijeni, na maji yasiyotembea ndani ya kopo huishiwa nayo ndani ya muda mfupi. Ifungue, toa sponji na vigae vyake, viweke kwenye ndoo pana vikiwa vimeloa maji ya tangi lakini havijazama, funika kwa kitambaa chenye maji. Bakteria wakiwa wameloa na hewa inapita wanavumilia zaidi kuliko wakizama kwenye maji yaliyosimama. Fanya hivyo hivyo kwa changarawe: itoe yote, kwa sababu kilo 30 zinazoteleza ndani ya tangi tupu zinaweza kuvunja kioo cha chini. Isuuze mara moja tu kwenye maji ya tangi ili taka kubwa zitoke. Ikitoa harufu ya yai viza, suuza zaidi na kwa uangalifu; hiyo ni gesi iliyojikusanya chini mahali pasipofika hewa, na huua samaki.

Kioo chenyewe kibebwe na watu wawili, mikono ikiwa chini ya sakafu ya tangi. Kamwe wasishike ukingo wa juu wala vipande vya kioo vilivyogundishwa juu kuziba kona. Kwenye kirikuu kilale juu ya godoro, kimesimama kama kinavyosimama nyumbani, bila kitu ndani na bila ndoo karibu yake. Ndoo za samaki ziwe za mwisho kupanda gari, kivulini, zimefungwa zisianguke.

Buswelu, meza ya tangi ndiyo iwe ya kwanza kusimama. Itabeba kilo 240 au zaidi, kwa hiyo chagua ukuta usiopigwa jua, sakafu imara, mbali na moshi wa jikoni. Weka pimamaji, kile kifaa cha fundi cha kuangalia usawa, kwa urefu na kwa upana. Ikiwa kona imeshuka, weka vipande vya mbao chini ya miguu ya meza. Usiweke kitu chini ya kioo chenyewe, isipokuwa kipande kimoja bapa cha povu gumu jeupe, lile la kufungashia televisheni, kinachofunika sakafu yote ya tangi lisilo na fremu ya plastiki.

Mawe makubwa yatangulie, yakae juu ya kioo cha chini kabla ya changarawe, kwa sababu furu huchimba na jiwe lililokalia changarawe litaanguka. Yapange tofauti na yalivyokuwa. Madume yakikuta mahali pageni hayana eneo la kulinda, na ugomvi hupungua. Halafu changarawe, kisha sahani juu yake, umimine maji ya zamani juu ya sahani ili usitibue. Washa filta hapo hapo maji yanapofikia mdomo wake wa kuvutia. Bakteria wakiwa kazini, samaki waingie. Ndoo za maji mapya ziongeze moja moja, kila baada ya dakika 20, mpaka lijae. Kwa njia hiyo samaki wanazoea maji mapya taratibu wakiwa ndani ya tangi lao wenyewe, na huna haja ya kuning'iniza mifuko.

Taa izimwe siku nzima. Chakula kesho yake, kidogo, nusu ya kawaida, kwa wiki moja. Pima amonia na nitriti kila siku kwa siku kumi. Ukiona amonia imefika miligramu 0.25 kwa lita, badilisha robo ya maji siku hiyo hiyo.

SWALI: Nilihama Pasiansi kwenda Kirumba na tangi langu la lita 100 lenye samaki sita wa dhahabu. Nilitaka waanze upya kwenye usafi, nikaosha sponji za filta kwa maji ya bomba mpaka zikang'aa, na kokoto nikazianika juani. Sasa ni siku ya tano. Maji meupe kama yametiwa maziwa, wawili wamekufa, wanne wako juu wanahema. Nifanye nini? — *Dada wa Kirumba*

JIBU: Pole sana, dada. Klorini ya maji ya bomba na jua viliwaua bakteria wote, na hao samaki wa dhahabu ni wachafuzi wakubwa kwa umbo lao, kwa hiyo amonia imepanda haraka. Weupe wa maji ni bakteria wengine, wanaoelea, waliojaa kwa kula uchafu. Utaondoka wenyewe, usiweke dawa ya kusafisha maji.

Leo hii badilisha nusu ya maji kwa maji yaliyoondolewa klorini na yenye joto linalolingana. Kesho rudia kwa theluthi, na uendelee kila siku mpaka vipimo vionyeshe amonia na nitriti ziko sifuri au karibu. Weka pampu ya hewa ifanye kazi usiku na mchana. Usiwalishe kwa siku mbili, kisha uwape chakula kidogo siku moja baada ya nyingine.

Kama nitriti imepanda, tia chumvi ya kawaida gramu 1 kwa kila lita, yaani gramu 100 kwa tangi lako, ukiiyeyusha kwanza kwenye jagi na kuimimina kwa vipindi ndani ya saa moja. Nitriti huingia kwenye damu kupitia matamvua na kuizuia isibebe oksijeni, ndiyo maana samaki anahema hata kama maji yana hewa ya kutosha; chumvi huizuia isiingie. Ukibadilisha maji, rudisha chumvi kwa kiasi cha maji uliyoyatoa tu, usiweke gramu 100 tena.

Dawa ya kweli, hata hivyo, ni bakteria. Ukiwa na jirani au muuzaji mwenye tangi la muda mrefu lisilo na ugonjwa, mwombe kipande cha sponji kutoka kwenye filta yake, ukibebe kikiwa kimeloa, ukisukume ndani ya filta yako siku hiyo hiyo. Bila hicho, kutengeneza kundi jipya la bakteria huchukua wiki tatu hadi sita. Na siku nyingine sponji ikiziba, ikamue mara mbili tatu ndani ya ndoo ya maji ya tangi, basi. Ikibaki na rangi ya kahawia iache.

SWALI: Naishi Igombe, ziwa liko mita mia kutoka mlangoni. Kwa nini nihangaike kukausha klorini wakati naweza kuchota maji ya ziwa? Na je, furu waliozidi nikiwarudisha ziwani kuna ubaya? — *Msomaji, Igombe*

JIBU: Kwa furu maji ya ziwa yanafaa, ndiyo maji ya kwao. Shida ni yanachokuja nacho: minyoo na vimelea vya samaki, mayai ya wadudu, konokono, na kwa upande wako kichocho. Vimelea vya kichocho vinavyotoka kwenye konokono hupenya ngozi ukiingia majini kuchota, na mkono wako unaouzamisha kwenye ndoo ni ngozi vilevile. Kama huna bomba, chota mbali na majani ya kandokando, chuja kwa kitambaa kizito kuhakikisha hakuna konokono, kisha yaache siku mbili kamili kabla ya kuyagusa. Vimelea hivyo haviishi zaidi ya hapo bila kumpata mtu. Kumbuka pia kuwa mchana wa jua, mwani mwingi wa ufukweni hupandisha pH ya maji. Kwenye joto la nyuzi 25, pH ikipanda kutoka 7 kwenda 8, sehemu ya amonia iliyo sumu huongezeka karibu mara kumi. Basi chota asubuhi mapema.

Kuwarudisha, hapana. Samaki aliyekaa na wageni wa dukani anaweza kubeba ugonjwa usioonekana, na furu wa mwamba mmoja akitupwa kwenye mwamba mwingine anaweza kuzaa na wasio wa aina yake. Ziwa hili limekwisha kuumizwa na vitu vilivyoletwa: sangara alitiwa humo miaka ya 1950 na ya 1960, na aina nyingi sana za furu zikatoweka; magugu maji, asili yake Amerika Kusini, yalisambaa duniani kama ua la mapambo, na yalifika kwetu mwishoni mwa miaka ya 1980. Waliozidi wape wafugaji wenzako. Maji machafu ya tangi mwagia migomba, na mimea ya tangi usiyoitaka ianike ikauke kabisa.

SWALI: Tunapaka rangi sebule, nataka kusogeza tangi la lita 54 chumba cha pili. Jike mmoja wa furu ana mayai mdomoni, kidevu kimevimba. Nisubiri? — *Mama, Nyegezi*

JIBU: Ukiweza kuchelewesha rangi, mama, subiri. Jike hukaa na mayai, na baadaye watoto, kwa wiki mbili hadi tatu hivi, hali chochote, na akishtuka huyatema au kuyameza. Hili ni la kweli kwa furu wote wanaofugwa kutoka ziwa hili, akiwemo yule wa miambani ambaye dume lake lina mgongo mwekundu na mistari meusi, *Pundamilia nyererei*, aliyepewa jina la Mwalimu Nyerere mwaka 1985.

Kama fundi hawezi kusubiri, mhamishe jike usiku, taa zimezimwa, kwa tochi hafifu. Punguza maji, zamisha bakuli pana pembeni yake na umsukume kwa kiganja aingie mwenyewe. Asitoke majini hata kidogo, na wavu usimguse. Awe na ndoo yake yenye giza. Tangi lenyewe liondolewe maji yote na kubebwa tupu, hata kama ni hatua sita. Kulikokota likiwa na maji juu ya vigae vya sakafu hutikisa gundi ile ile tuliyoizungumza hapo juu.

Jambo la rangi ni zito kuliko kusogeza. Pampu ya hewa huvuta hewa ya chumba na kuipuliza majini, pamoja na moshi wa rangi ya mafuta na tina. Iweke pampu nje ya dirisha, mpira mrefu uingie ndani, na mlango wa chumba cha samaki ufungwe mpaka harufu iishe.

SWALI: Nyumba yangu mpya iko juu ya mawe Mabatini, gari haifiki, ni ngazi za saruji na njia nyembamba. Tangi ni la sentimita 120. Nilipandishe vipi? — *Msomaji, Mabatini*

JIBU: Pita njia hiyo kwanza ukiwa na fimbo ya sentimita 120 mikononi, uone kona zipi hazigeuziki. Likishindwa kugeuka, heri kutafuta njia nyingine au kuuza na kununua dogo kuliko kulisimamisha wima kwenye ngazi. Funga kona zote nane kwa makatoni na gundi ya karatasi, uzungushe blanketi, na wabebaji wawe watu wanne wenye glavu za mpira: wawili chini yake, mmoja nyuma akitazama, mmoja mbele akiita ngazi. Yule mrefu zaidi awe upande wa chini. Pumzikeni kila mnapofika pa bapa, na tangi likitua litue juu ya blanketi, kwa sababu chembe moja ya mchanga chini ya kioo inatosha kukianzishia ufa. Samaki wapande baada ya tangi kufika, ndoo moja kwa kila mtu, maji theluthi moja tu ili asiyumbe. Kabla ya kurudisha changarawe, jaza maji robo, pangusa kona zote zikauke, na baada ya saa moja pitisha karatasi ya chooni kwenye kila mshono kwa nje. Ikiloa popote, toa maji. Samaki wanaweza kulala kwenye ndoo zenye pampu ya hewa hadi kesho yake, ukibadilisha theluthi ya maji yao jioni, na sponji za filta zikiwa zimewekwa humo humo.